Land Rover 109 pikapu kutoka Manyovu hadi Gungu: nivute au nipakie?

Gungu_Bondeni

Wakuu, habari za jioni. Kuna Land Rover 109 Series III, pikapu, injini ya dizeli ya lita 2.25, imeegeshwa chini ya mparachichi huko Manyovu, wilaya ya Buhigwe, kama kilomita nne ndani kutoka kwenye lami. Bei tumeshaelewana na mzee mwenye gari, ila hela bado sijatoa. Nataka kuishusha hadi Gungu niitengeneze pole pole.

Hali yake ni hii: haijatembea miaka tisa. Tairi zote nne hazina upepo, mbili za nyuma zimezama udongoni hadi kwenye rimu. Pedali ya breki inakwenda hadi sakafuni. Funguo haipo. Injini sijui kama imekamata au inazunguka. Bodi kwa macho ni nzuri, chini sijaingia.

Nina Hilux ya kuazima na kamba ya manila. Jamaa mmoja anasema tufunge tuivute taratibu, ni kilomita 60 tu za lami hadi Mwandiga, tena zote mteremko. Mwingine anasema nikodi Canter. Wanaozijua hizi gari naomba ushauri: nivute au nipakie? Na nikague nini kabla ya kutoa hela?

Spana_9kwa16

Mkuu, hilo neno "zote mteremko" ndilo linalonifanya niseme usivute kwa kamba. Kwanza si kweli, ile barabara ni panda shuka. Pili, kamba inavuta tu, haizuii. Mnapopanda, kamba inafanya kazi. Mkianza kushuka inalegea, na gari isiyo na breki inamfuata aliye mbele. Piga hesabu: 109 ya dizeli ikiwa tupu ina kama kilo 1,600. Kwenye mteremko wa asilimia 8 inajisukuma yenyewe kwa nguvu ya kilo 130 hivi, na haichoki hadi mteremko uishe. Breki za Hilux zitabeba gari mbili, zitapata moto, na pedali itaanza kulegea kabla hamjafika bondeni.

Halafu funguo. Series III ina loku ya usukani kwenye swichi ya funguo. Series II na IIA hazina, swichi yao iko kwenye dashibodi. Bila funguo, ukizungusha usukani ukasikia "tak", tairi za mbele hazigeuki tena. Hata kupakia kutakuwa kazi. Swichi imeshikwa kwenye nguzo ya usukani kwa bolti zilizokatwa vichwa makusudi. Chukua msumeno wa chuma, chora mfereji juu ya kila bolti, uifungue kwa bisibisi pana, au igonge pembeni kwa patasi ndogo hadi izunguke. Usivunje nguzo kwa nyundo kubwa, ukiipinda utatafuta nyingine hadi ukome.

La tatu ndilo linalowashika wengi: hendibreki ya Series haiko kwenye tairi. Ni dramu iliyo nyuma ya transfa (gia boksi ndogo ya foo-wili), inashika propela shafti ya nyuma, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma. Fundi akikwambia "tutoe propela ili gia boksi isizunguke", yuko sahihi, ila ukishaitoa, hendibreki haishiki chochote. Unavuta mkono, unasikia umekaza, unashuka kwenye gari, na gari inaondoka. Kwa hiyo kabla ya kugusa propela, tairi mbili ziwe na magogo mbele na nyuma. Jiwe la duara halifai, tairi inalipanda.

Kwa kifupi, pakia.

Kuhusu ukaguzi: bodi ya hizi gari ni alumini, haili kutu kwa urahisi, kwa hiyo uzuri wa bodi usikudanganye. Kutu inakula chesisi, na inaanzia ndani kwenda nje. Nenda na nyundo ndogo na brashi ya waya. Anza na boriti ya nyuma, ile yenye ndoano ya kuvutia, kisha mikono inayotoka kwenye chesisi kubeba bodi, kisha pua mbili za mbele ambako springi zinafungwa. Gonga kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia "ti, ti" na nyundo inaruka. Chuma kilichooza kinasema "pu", nyundo inatulia, na vumbi jekundu linamwagika kwenye matundu. Chesisi ya 109 ni boksi lenye matundu, na gari ikikaa chini ya mti udongo na majani hujaa ndani na kushika maji. Palipo na "pu" upana wa kiganja, patakatwa na kuwekwa kiraka cha milimita 3. Boriti ya nyuma ikiwa yote "pu", bado inatengenezeka, ila punguza bei, na usiifunge mkanda wala mnyororo hapo.

Ukiwa chini angalia pia sehemu ya kuweka miguu, pande zote mbili. Hapo ni chuma, si alumini. Kidole kikipita, ujue ukuta wote wa mbele una kazi.

Dereva_wa_Canter

Naunga mkono kupakia. Acha niseme inavyofanyika, maana naona watu wanaishia kwenye "kodi Canter" kama vile gari itapanda yenyewe.

Vipimo: 109 ina urefu wa mita 4.45 hivi na upana wa mita 1.69. Pima bodi ya lori kabla ya kukubaliana bei. Canter fupi yenye bodi ya mita 3 haifai, nyuma itaning'inia. Tafuta ndefu, au Fuso. Mlango wa nyuma uwe unatoka kabisa, siyo kufunguka tu.

Kule Manyovu huna haja ya rampu, barabara zimekatwa kwenye milima. Tafuta kingo ya udongo mgumu yenye kimo cha bodi ya lori, mita moja hivi, lori lirudi nyuma hadi liguse. Weka mbao mbili fupi kuziba pengo, basi. Gari inasukumwa ikiwa imenyooka. Hata kichuguu kikubwa kilichokufa kikisawazishwa kwa jembe kinafaa, ila kishindilie, kisiwe na pango ndani.

Kama kingo hakuna, tumia mbao mbili za mninga, unene inchi 3, upana inchi 12, urefu mita 4. Kwa bodi ya mita moja hiyo ni nyuzi 14 au 15, inapandika. Katikati ya kila ubao weka gogo la kuushikilia. Ncha ya juu ya ubao ifungwe kwa mnyororo kwenye lori, la sivyo tairi ikianza kupanda ubao unarudi nyuma na gari inaanguka katikati. Nguvu ya kuvuta hapo ni robo ya uzito, kilo 400, ongeza za tairi na grisi iliyoganda, weka 500 hadi 600. Winchi ya mkono ya tani moja na nusu inatosha. Winchi ifungwe kwenye chesisi ya lori, siyo kwenye bao la mbele la bodi. Vijana wasisukume wakiwa nyuma ya gari inayopanda. Mtu mmoja tu anatembea pembeni na gogo, kila nusu mita analiweka nyuma ya tairi.

Gari iingie kwa pua, injini ndiyo nzito, ikae mbele ya ekseli ya nyuma ya lori.

Kufunga: mikanda minne ya racheti, ya milimita 50. Ifunge kwenye ekseli, siyo kwenye bampa wala bodi. Miwili ya ekseli ya mbele ivute kwenda mbele, miwili ya nyuma ivute kwenda nyuma. Ukiifunga kwenye chesisi, springi zinacheza barabarani, mkanda unalegea, unakaza, unalegea, mwisho unachomoka. Pigilia vipande vya mbao 4 kwa 4 mbele na nyuma ya kila tairi. Kamba ya manila iwe ya ziada tu, inanyooka. Baada ya zile kilomita nne za vumbi, kabla ya kuingia lami, simama ukaze racheti zote upya. Na fanya kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 9. Mvua zikianza, ule udongo mwekundu lori lenyewe litahitaji kuvutwa.

Kupakia watu hupanga, kushusha husahau. Gungu pa kushushia umepaona? Kama hakuna kingo, mbao na winchi lazima zije na lori. Gari inashushwa kwa winchi ikizuiwa, haiachiliwi.

Mwandiga_Karakana

Mimi natofautiana kidogo. Kuvuta kunawezekana, siyo kwa kamba bali kwa fremu ya chuma ya pembetatu: ncha mbili zinafungwa kwa pini kwenye pua za chesisi, ya tatu kwenye mpira wa kuvutia, ile tufe ya chuma nyuma ya gari inayovuta. Fremu inavuta na inazuia, na gari ya nyuma inafuata yenyewe. Masharti: anayevuta awe mzito kuliko anayevutwa, Land Cruiser au lori dogo, siyo Hilux. Pua za chesisi ziwe zimelia "ti". Gia ya kuteremka iwe ya pili, mwendo usizidi 30. Loku ya usukani iwe imetolewa kabisa, kwa sababu fremu inategemea tairi za mbele kugeuka zenyewe.

Na levazi ziwekwe sawa, hapa watu wanakosea. Kitasa chekundu ni cha transfa: mbele ni gia za juu, nyuma ni gia za chini, katikati ni huru. Cha njano ni cha foo-wili. Kama gari iliegeshwa ikiwa kwenye gia za chini, foo-wili imeshika, na ukirudisha chekundu katikati bila utaratibu, mbele na nyuma bado zimefungwa pamoja. Vuta chekundu hadi nyuma kabisa, kisha kisukume mbele hadi mwisho, cha njano kitaruka juu. Hapo ndipo unarudisha chekundu katikati. Kikikataa, mtu asukume gari inchi chache huku wewe umeshika leva. Gia kubwa nayo iwe huru.

Hata hivyo difu zinazunguka, kwa hiyo angalia oili. Difu ya mbele inachukua lita 1.7, ya nyuma (aina ya Salisbury) lita 2.5, transfa lita 2.5, kila kirungu cha mbele (lile tufe la chuma nyuma ya tairi la kugeuzia) nusu lita. Zote oili ya gia, EP90. Nyingi utazikuta zimevuja zote kwenye vile virungu. Oili ikitoka nyeupe kama uji, ni maji, imwage.

Spana_9kwa16

Mwandiga, kwa barabara ya tambarare ningekubali. Kwa Manyovu hapana. Gari ya nyuma haina breki hata chembe, na fremu ikipinda kwenye kona unazo gari mbili bondeni badala ya moja. Hiyo fremu itamfaa siku ya kuitoa shambani hadi kwenye kingo ya kupakia, mita 300. Hapo sina neno.

Kuhusu propela, kwa hizo mita 300 haina haja kutoa. Kama ukiamua kutoa: bolti nne kila ncha, spana ya 9/16, piga alama ya rangi kwenye flenji zote mbili zirudi zilivyokuwa, usije ukaanza kutafuta mtikisiko ambao hukuwa nao.

Tairi: usijaze upepo zile za zamani ukategemea. Zimepasuka kandoni, zitapasuka mnapopakia. Azima rimu za Defender zenye tairi, zinaingia, stadi (bolti za kushikia rimu) tano, mduara wa milimita 165. Za Land Cruiser za zamani ni stadi sita, haziingii, usipoteze nauli. Jeki iweke chini ya ekseli, na chini ya jeki ubao mpana, siyo udongo. Kila tairi ikinyanyuka izungushe kwa mkono. Isipozunguka, viatu vya breki vimeshikana na dramu: legeza adjasta, vichwa vyake viko nyuma ya sahani ya breki, kisha gonga dramu kwa nyundo ya mbao kuzunguka ukingo. Usiivute ikiwa imekamata, tairi itaburuzwa na kiatu kitabanduka ndani.

Ah, na nyuki. Gari ya miaka tisa chini ya mti, wapo. Kama si nyuki ni nyigu ndani ya boksi la chesisi au nyuma ya dashibodi. Piga chesisi mara mbili tatu ukiwa umesimama mbali, usikilize. Wakiwepo, muite mlina asali aje usiku.

Kadi_Kwanza

Wote mmesema vyuma, mimi naongelea karatasi, maana Manyovu ni mpakani.

Kabla ya hela, tafuta namba ya chesisi. Imegongwa kwenye pua ya mbele ya kulia, karibu na springi, na kuna kibati ndani mbele ya siti. Kusanya zote mbili. Brashi ya waya, futa kwa kitambaa chenye dizeli, kisha sugua chaki juu yake, namba zitatokea. Hakikisha inafanana na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Hiyo pua ndiyo kutu inapopenda, kwa hiyo kama imeoza, usiruhusu fundi akate kipande chenye namba. Ukikikata, gari haina jina tena.

Angalia usukani uko upande gani. Ukiwa kushoto, uwezekano mkubwa ilitoka upande wa pili, Burundi au Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Siyo kosa, ila lazima kuwe na nyaraka za forodha za kuingiza. Hakuna nyaraka, hakuna kununua, hata kama bei ni ya bure. Kama bado ina namba za zamani za TZ, pita ofisi ya TRA Kigoma uulize hali ya usajili kabla ya kusaini.

Mkataba wa mauziano uandikwe, nakala mbili, namba ya chesisi na ya injini zote zimeandikwa, mashahidi wa kila upande, ikiwezekana mbele ya mtendaji wa kijiji au wakili. Kadi halisi mkononi mwako, na nakala ya kitambulisho cha mzee. Siku ya kusafirisha mkataba uwe ndani ya lori, siyo nyumbani. Gari lisilo na namba juu ya lori, karibu na mpaka, lazima utasimamishwa, na ni haki yao kuuliza.

Kama mzee aliirithi, waulize watoto. Sahihi ya mmoja haitoshi pale ambapo wanne wanadai.

Gungu_Bondeni

Asanteni sana, wakuu. Nimeingia chini na nyundo. Pua zote mbili zinalia vizuri, namba inasomeka na inafanana na kadi, usukani uko kulia. Boriti ya nyuma "pu" karibu yote, mikono miwili ya kushoto pia. Nimempunguzia mzee bei akakubali. Nyuki wapo, nyuma ya siti, mlina asali amekubali kuja. Canter ya mita 4.3 nimeipata.

Limebaki moja. Jamaa wa Canter anasema ikifika Gungu kwenye tambarare tuivute kidogo iwake, tujue kama injini ni nzima. Nikubali?

Spana_9kwa16

Usikubali. Mita 4.3 ni fupi kuliko gari kwa kiganja kimoja hivi, hiyo inavumilika kwa sababu tairi zote zitakuwa ndani, ila mlango wa nyuma utoke. Kuivuta iwake, hapana.

Hiyo dizeli ina mgandamizo wa 23 kwa 1. Injini iliyokaa miaka tisa, ringi zikiwa zimeshika kutu kwenye silinda, ukiilazimisha kwa nguvu ya gari nyingine kitu kitavunjika, na mara nyingi si kile unachokijua. Valvu iliyogandamana ikikaa wazi, pistoni inaipiga, fimbo yake inapinda. Na pampu ya dizeli, hii ya chapa ya CAV: dizeli ya zamani hugeuka kama gundi ndani, rota inakamata, na shafti inayoiendesha inakatika. Pampu kwa fundi ni bei kuliko hizo boriti zako zote.

Fanya hivi. Toa injekta nne, kila moja ina nati mbili, na hesabu washa za shaba zisibaki chini ya tundu. Changanya ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) na dizeli nusu kwa nusu, mimina mililita 50 kila silinda. Acha siku tano. Fungua kava la juu, paka oili kwenye valvu, ubonyeze kila moja kwa mpini wa nyundo: ikirudi juu ni nzima, ikibaki chini imekamata. Kisha hendeli ya mkono kupitia tundu la bampa, zungusha kulia ukiwa umesimama mbele. Ikikataa, irudishe nyuma kidogo, halafu mbele, nyuma, mbele, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa kilichoganda. Usiiwekee bomba la kuongeza nguvu. Baadhi zinahitaji kurudiwa mara tatu, siku tano tano.

Ikizunguka raundi mbili kamili kwa mkono, mwaga oili ya injini yote, badilisha filta, safisha tanki la dizeli, na fundi pampu aifungue ile CAV kabla ya stata kuguswa.

Dereva_wa_Canter

Na mwambie huyo wa Canter nati za rimu ya Defender azikaze tena kwa spana ya 27 kabla ya kushusha.

Gungu_Bondeni

Sawa, nimemwambia. ATF nimenunua lita moja, nadhani inatosha kurudia.

Spana_9kwa16

Inatosha. Mililita 100 za ATF kwa kila duru, unazo duru kumi.